Hatua Kumi za Mzee Dunia

Mzee Dunia hakumpa mtu mkono kabla ya kumuuliza, “Unakohoa?” Aliuliza hivyo msituni, ambako swali lilikuwa sehemu ya kazi yake, na akaendelea kuuliza hata alipostaafu na kurudi nyumbani kwake Kasingirima, ambako hapakuwa na mnyama wa kulindwa zaidi ya paka na bata wa jirani. Siku wakwe walipokuja kumposa binti yake wa mwisho, wazee wa watu wamekaa mkekani na kanzu zao, alisimama mlangoni akawauliza mmoja mmoja. Mkewe, Mwanvua, alikuwa akiisimulia habari hiyo huku akijifuta machozi kwa kicheko. “Mshenga akajikohoza! Basi Dunia akamhamishia nje. Mahari ya mwanangu yamepangwa kupitia dirishani, mnasikia? Dirishani!”

Yusta alicheka kila alipoisikia, tena kwa sauti kuliko wengine. Kisha alitafuta kitu cha kutazama chini.

Yeye na Mzee Dunia walifahamiana miaka kumi na miwili. Yusta alikuwa na miaka thelathini na moja alipoajiriwa na Chama cha Marafiki wa Msitu kuwa mratibu wa elimu. Serikali ililipa askari wa hifadhi na kulinda mipaka yake. Chama kilijaza palipobaki wazi. Madaraja ya miti juu ya vijito, redio za mkononi, hadubini ya kuchunguzia kinyesi cha sokwe, barakoa, safari za wanafunzi, na mishahara ya watu wanne waliofuata sokwe kuanzia wanapoamka kwenye viota vyao hadi wanapolala. Mmoja wa hao wanne alikuwa Mzee Dunia. Alizaliwa kandokando ya ziwa, katika ukoo wa wavuvi uliovuka kutoka Kongo zamani, na angekuwa mvuvi wa Katonga kama baba yake asingemtuma siku moja, akiwa na miaka kumi na tisa, apeleke migebuka kwenye kambi ya hifadhi. Alipeleka samaki, akaona sokwe mmoja jike anamchambua mwanawe chawa kwa utulivu ule wa mama barazani, na hakurudi na boti.

“Shikamoo, Mzee,” Yusta alimwambia siku ya kwanza, akishuka kwenye boti ya hifadhi huku ameshika ukingo kwa mikono miwili.

“Marahaba. Unakohoa?”

“Hapana.”

“Unatoka wapi?”

“Mwandiga.”

“Ndiyo maana. Nyie Waha wa Mwandiga mkiona maji mengi kuliko ndoo mnaanza kusali. Mwakeye!” akamtania kwa salamu ya Kiha. “Njoo, ziwa halijakumeza.”

Yeye ndiye aliyemfundisha kila kitu ambacho chuo hakikumfundisha. Alimweleza kwamba sokwe wako karibu mno na binadamu, hata mafua yetu ya siku tatu kwao ni msiba. Kwa hiyo mfuatiliaji aliyetoka nyumbani alikaa siku tano kwenye nyumba za ufukweni kabla ya kupanda msituni, mgeni wa siku moja aliulizwa kwanza pale njia inapoanzia, na mwenye dalili yoyote hakupanda kabisa, awe mpishi au waziri. Huko juu walivaa barakoa na kubaki mbali, mita kumi kwa maandishi. Mzee Dunia hakupenda mita.

“Mita ni za mtu mwenye futi mfukoni. Wewe una miguu. Hatua kumi. Sokwe akikusogelea, wewe unarudi nyuma mpaka zitimie tena. Hajui sheria yeye, unaijua wewe.”

Yusta alikwenda na swali lake mjini, akalipigisha chapa kwenye bango kubwa lililobandikwa nyumba ya wageni pale ufukweni: UNAKOHOA? BAKI CHINI. Chama kilimsifu kwa ufupi wa maneno. Hakusema aliyatoa kinywani mwa nani.

Sasa ilikuwa hivi. Miaka sita iliyopita, mwezi wa saba, walikuja wageni wawili kutoka ng'ambo, mume na mke, ambao fedha yao ilitazamiwa kulipia safari za wanafunzi kwa miaka miwili mizima. Chama kilikuwa na desturi moja ya shukrani: mfadhili mkubwa alipewa heshima ya kumpa jina mtoto mpya wa sokwe, akaandikiwa cheti. Mwaka ule mtoto alikuwa wa Tunu, jike mpole mwenye sikio lililochanika. Alikuwa na miezi minne. Kwenye vitabu aliandikwa “mtoto wa Tunu”, lakini Mzee Dunia, ambaye hakungoja cheti cha mtu, alimwita Kadogo.

Wageni walikuwa na siku moja tu. Yusta ndiye angewatafsiria, ndiye angewaeleza mpango, na ndiye angesimama nao kwenye picha. Usiku wa kuamkia safari koo lilianza kumkereketa. Asubuhi alinunua vidonge duka la dawa, akanywa tangawizi kikombe baada ya kikombe, na ndani ya boti alijifunika kitenge mpaka puani kana kwamba anaogopa upepo. Alijiambia ni kwa ajili ya watoto. Aliwaona kabisa, watoto wa Mwandiga walioishi umbali wa asubuhi moja kutoka kwenye hifadhi ambayo hawajawahi kuikanyaga. Hilo lilikuwa kweli. Lakini palikuwa na kweli nyingine iliyokaa chini ya hiyo, nayo ni kwamba alitamani sana kuonekana.

Mzee Dunia alisimama pale njia inapoanzia kupanda. Aliwauliza wageni, Yusta akatafsiri. Hawakohoi. Kisha akamgeukia yeye.

“Na wewe, mwanangu? Unakohoa?”

“Hapana, Mzee. Vumbi tu la jana.”

Alimtazama kidogo. Halafu akatikisa kichwa kukubali, akatangulia, maana alikuwa amemfundisha mwenyewe.

Walimkuta Tunu amekaa chini ya mtini, Kadogo ananing'inia kifuani pake kwa kidole kimoja na kuwaangalia watu kama mwenye nyumba. Mgeni mwanamke alilia. Alitaka kujua kila kitu, na barakoa ilizima maneno ya Yusta, basi Yusta akaishusha hadi kidevuni ili aeleweke. Alieleza vizuri. Katikati ya kueleza, kikohozi kilimtoka. Kimoja. Alikigeuza kikawa kicheko, akapandisha barakoa. Mzee Dunia alikuwa mbele, akiwatafuta wengine kwa macho. Alikuwa na sikio bovu upande wa kushoto, na Yusta alikuwa kushotoni kwake.

Baada ya siku tisa Tunu alianza kupumua kwa kukoroma. Wengine saba wakafuata. Wakubwa walipona mmoja mmoja, lakini Kadogo alikufa siku ya kumi na sita. Tunu hakukubali. Alimbeba mgongoni, akambeba mkononi, akawafukuza inzi, na Mzee Dunia akawafuata nyuma kwa hatua zake kumi, siku nne, akiandika saa na mahali kama kazi ilivyotaka. Siku ya tano Tunu aliuweka ule mwili juu ya jiwe kijitoni, akaondoka bila kugeuka. Mzee Dunia ndiye aliyeuzika.

Daktari wa wanyama alisema ugonjwa umetoka kwa binadamu. Kikao kilifanyika pale ufukweni, watu kumi na wawili wamekaa kwenye mabenchi. Martini, meneja wa chama, mtu wa heshima asiyependa kelele, alifungua kwa kusema, “Hatutafuti mchawi hapa. Tunataka kujua ili tujirekebishe. Nani alikuwa na dalili zozote?”

Yusta ndiye aliyekuwa katibu. Alikuwa na kalamu mkononi na daftari magotini. Aliona kabisa namna ya kusimama, aliona hata neno la kwanza. Akaandika tarehe, akaipigia mstari.

Mzee Dunia akasimama.

“Mimi nilitoka kwenye nyumba ya mgonjwa,” alisema. “Mjukuu wangu Shadia alikuwa na mafua. Nikakaa chini siku zangu tano, sikukohoa, nikapanda. Lakini mwili ni mwili, unaweza kubeba usichokijua. Nadhani ni mimi.”

“Mzee, ulifuata utaratibu,” alisema Martini.

“Nimefuata. Na mtoto amekufa. Yusta, mwanangu, andika.”

Naye akaandika. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni kwamba inawezekana chanzo ni mfuatiliaji aliyetoka nyumbani kwenye mgonjwa, na kwamba wengine wote hawakuwa na dalili. Sentensi ile ya pili hakuna aliyemtuma.

Hawakumfukuza. Walimwondoa msituni kwa upole, ambao ni mzito kuliko kufukuzwa. Walimpa kazi ya ufukweni: kupokea boti, kunawisha wageni mikono, kuwauliza swali lake. Miaka minne alisimama mahali njia inapoanzia na hakuipanda tena. Jioni wale wafuatiliaji watatu waliobaki waliposhuka, aliwauliza, “Tunu yuko wapi leo?” Wakamwambia. Akaridhika.

Fedha ya wale wageni ilikuja. Cheti cha jina hakikuandikwa. Kilibaki kwenye droo ya ofisi, cheupe kabisa katikati ya maua yaliyochorwa pembeni. Na watoto nao walikuja kweli, arobaini kwa mara moja, wamevaa sare zilizopigwa pasi, wanapiga kelele boti ikiegeshwa. Chama kilipiga picha. Yusta aliandika ripoti za kusifiwa kuhusu mambo ambayo mshirika mdogo anaweza kuifanyia hifadhi ya taifa, na kila alichoandika humo kilikuwa kweli.

Safari ya tatu au ya nne, Mzee Dunia aliwapanga watoto wa Mwandiga mchangani.

“Nani anakohoa?”

Mkono mmoja ukainuka, wa msichana wa darasa la tatu, mwembamba, viatu vikubwa kuliko miguu.

“Wewe Agnesi!” mwenzake akamnong'oneza. “Shusha mkono, mjinga. Hatutaona sokwe!”

“Lakini nakohoa,” alisema Agnesi, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka, maana alijua amesema nini.

Wenzake walipanda. Agnesi alibaki chini. Yusta alirudi alasiri akawakuta wamekaa kwenye gogo, hatua kumi baina yao, Mzee Dunia akimwigizia sokwe mzee anayechokoza siafu kwa kijiti na kujifanya hajaumwa. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa.

“Huyu,” Mzee alimwambia Yusta, akimwonyesha kwa kidevu, “huyu ndiye askari wa hifadhi. Wale wengine ni watalii.”

Yusta alikwenda nyuma ya nyumba ya wageni, akasimama mbele ya bango lake mwenyewe. Alikaa pale mpaka boti ilipopiga honi.

Mzee Dunia alistaafu, na mwaka mmoja baadaye kifua kilimkamata yeye. Kifua kikuu, walisema hospitali, tena alichelewa. Alianza dozi. Baada ya wiki kadhaa nesi alimwambia haambukizi tena, anaweza kukaa na watu. Alimshukuru nesi, akarudi nyumbani, akaweka kiti chake chini ya upenu, akahesabu hatua kumi uani na kuweka hapo jiwe jeupe la ziwani. Mgeni aliishia kwenye jiwe.

“Nesi amesema!” Mwanvua alilalamika kwa kila aliyekuja. “Daktari amesema! Mnamwona? Ameniweka mwenyewe mbali kama mkwe.”

“Nesi hajamzika Kadogo,” alijibu Mzee.

Yusta alikwenda kumwona mara tatu. Mara ya kwanza alibeba sukari kilo mbili na sabuni, akakaa kwenye kigoda kando ya jiwe, na maneno aliyokuja nayo akayarudisha Mwandiga. Alikuwa amepanga kuyasema polepole, karibu na sikio lake zima, kama mtu anavyosema mambo hayo. Hakuwa amefikiria zile hatua kumi. Kwa umbali ule siri haifiki. Ilibidi upaaze sauti, na uani pale alikuwepo Mwanvua anachambua dagaa, na ng'ambo ya uzio wa matete jirani anaanika nguo. Mara ya pili alikwenda na sukari tena. Wakazungumza bei ya mawese.

Mara ya tatu Mzee alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Yusta hakukaa. Alisimama kwenye jiwe.

“Mzee, ile siku ya wageni. Nilikuwa nakohoa.”

“Nini? Sema kwa nguvu, mwanangu. Sikio moja limestaafu kabla yangu.”

“Nilikuwa nakohoa!” alisema Yusta, na ng'ambo ya uzio jirani akaacha kukung'uta nguo. “Siku ile ya Tunu. Uliniuliza, nikakwambia vumbi. Yalikuwa mafua. Nilijua ni mafua. Na kule juu nilishusha barakoa. Halafu kwenye kikao nikakuandika wewe.”

Mikono ya Mwanvua ilisimama juu ya ungo.

“Miaka sita,” alisema Mwanvua, polepole kwanza. “Miaka sita, Yusta! Huyu mtu alikuwa anaamka alfajiri anaomba msamaha. Nikadhani ana mwanamke. Kumbe anamwomba sokwe! Nikasema mume wangu amerukwa na akili. Na wewe unakuja hapa, unakaa kwenye kigoda changu, unacheka na mimi habari za mshenga. Kumbe ile sukari ilikuwa na kazi!”

“Mwanvua,” alisema Mzee.

“Usiniite Mwanvua. Muulize kazini kwake wanajua? Hawajui! Wangejua, asingekuja hapa na beji shingoni.”

Yusta alishika ile beji. Ilikuwa kweli, alikuwa ameivaa.

“Wanajua?” aliuliza Mzee Dunia.

“Bado.”

Alifumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa na uso wa kazini, uso wa mtu aliyeona majani yamekanyagwa na anataka kujua yamekanyagwa lini.

“Ulikohoa mara ngapi kule juu?”

“Mara moja.”

“Upepo ulitoka wapi?”

Yusta alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kitenge kikimpiga miguuni kutoka nyuma. “Ziwani.”

“Ukipanda. Ukimwendea Tunu.” Kifua chake kilitoa sauti kama mlango. “Basi haikuwa Shadia.”

Hapo ndipo Yusta alipoelewa kitu ambacho kwa miaka sita hakuwahi kukifikiria, pamoja na yote aliyoyafikiria. Mzee hakujibebesha hatia yeye peke yake. Alikuwa amembebesha na yule mjukuu, kimyakimya, bila kumwambia. Mwanvua alilisema bila kuulizwa, sauti sasa imeshuka.

“Hajampakata tena. Alikuwa hatoki mapajani pake, mtoto yule. Tangu siku hizo anamwambia, kaa kule. Mtoto anauliza, bibi, babu nimemkosea nini?”

“Mwanvua, akitoka shule mwambie aje,” alisema Mzee. “Aje asimame hapo kwenye jiwe. Nina neno naye.”

Kisha akamgeukia Yusta. Hakuwa na hasira, na Yusta, aliyekuwa ameiombea ile hasira njia nzima, aliona amenyimwa kitu.

“Nilikuuliza mara moja tu,” alisema Mzee. “Nikaona umejifunga kitenge puani, mwezi wa saba, jua limewaka. Nikaona. Nikasema, huyu nimemfundisha mimi. Ningekuuliza mara mbili.”

“Mzee, usijiwekee hilo. Nakuomba. Hili ni langu.”

“Ni lako,” alikubali. “Na kuuliza ni kwangu.”

Barua Yusta aliipeleka siku ya Jumatatu, nakala moja kwa Martini na nyingine kwa hifadhi, na ile ripoti ya zamani imeambatanishwa, sentensi yake ya pili imepigiwa mstari mwekundu. Martini aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema tu, “Ulikuwa na mwandiko mzuri sana.” Sasa Yusta si mratibu tena wa chochote. Watoto wa Mwandiga bado wanakwenda, na anayewapokea ufukweni anauliza mara mbili. Utaratibu huo umeandikwa, na jina la Mzee Dunia limewekwa chini yake. Lakini Mzee alikuwa ameshazikwa wiki moja kabla ya barua hiyo kujibiwa, na Yusta alikaa msibani nyuma kabisa, mbali na wanawake wengine, kwa sababu Mwanvua hakumwita mbele.

Hayo yote yalikuwa bado. Siku ile uani, jua limefika kwenye upenu, Yusta alichotaka ni kupiga magoti na kumshika miguu, kama mtoto anavyomwomba mzazi. Hakufikiri. Alivuka lile jiwe jeupe, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee Dunia aliinua mkono, kiganja wazi, kama alivyouinua msituni kumsimamisha mgeni aliyesahau. Mkono haukushuka, na kwa mkono wa pili alikuwa ameshajifunika mdomo kwa ncha ya kikoi.

“Hapohapo, mwanangu,” alisema. “Mimi nakohoa.”